Mpelelezi Aliyesemewa

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, baba mdogo alipoingia bila kubisha hodi, flashi ikining'inia shingoni kama kitambulisho cha kazi. "Shemeji, leo kuna muvi! Mpelelezi wa kike!" Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Karibu, shem," akasogeza ungo ili miguu ya mgeni ipite.

Muvi tunazoangalia nyumbani ni za kutafsiriwa. Wahusika wanaongea Kiingereza kwa mbali, kama wako chumba cha pili, na juu yao kuna mwanamume mmoja, tunamwita DJ, anayewasemea wote kwa Kiswahili. Anawasemea majambazi, watoto, na marehemu kabla hajawa marehemu. Wanawake anawasemea kwa kubana pua. Sijawahi kumsikia mwanamke wa kwenye muvi zetu akimaliza sentensi yake mwenyewe, na mpaka siku ile hata sikuwa nimeligundua hilo.

Mie niko kidato cha tatu. Siongeagi. Mwalimu wa Kiingereza aliandika kwenye ripoti kwamba naelewa ila sisikiki, na hakunionea. Jibu huwa linafika kooni, linageuza.

Niseme na ya mama, maana ndiyo yaliyofanya muvi isiwe muvi tu. Mama anakatisha tiketi kwenye ofisi moja ya mabasi ya mikoani, pale stendi ya Mbezi Luis. Ijumaa bosi alimwambia anamtaka awe msimamizi wa ofisi, ila zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Jibu alilitaka kabla ya Jumapili saa sita mchana. Asipolipata, nafasi anampa kijana aliyeingia mwaka huu, ambaye mama ndiye aliyemfundisha kazi. Baba hakukataa. Baba hakatai kitu. Alisema, "Tutaangalia." Neno hilo limeshameza cherehani, bati la jiko la nje, na safari ya Moshi mara mbili.

Basi, muvi. Kwa kawaida kwenye muvi za upelelezi mwanamke anafikia dakika ya tano akiwa maiti, tena kavaa vizuri. Akipona hapo, basi ni mke wa mpelelezi, na kazi yake ni kupiga simu kuuliza utarudi saa ngapi. Tamthilia zetu za hapa zimeendelea kidogo: mwanamke anaruhusiwa pia kuwa mchawi. Lakini huyu alikuwa mpelelezi mwenyewe. Mkuu wake akamwita "binti" mbele za watu, akamtuma kahawa, halafu ushahidi alioutafuta yeye akampa mwanamume wa meza ya jirani.

Baba alikasirika kabisa, akasogea mpaka ukingoni mwa kochi. "Aa, huu ni uonevu! Mtu kafanya kazi, apewe mwingine kisa yeye mwanamke?"

"Wazungu hawana utu, kaka," baba mdogo akasema. "Shemeji, chai vipi?"

Mama akanyanyuka. Na mie nikanyanyuka, nikafuata vikombe. Muvi zetu ndivyo zilivyo: wao wanaziona nzima, sie tunasimuliwa vipande tulivyokosa. Wanasimulia vizuri lakini, kwa huruma.

Tuliporudi, mpelelezi alikuwa ameitwa mji mwingine kuongoza kesi. Mumewe kasimama mlangoni, kakunja mikono. Muziki ukakatika, kwa hiyo nilisikia vizuri. Mwanamke alimwambia kwa Kiingereza kwamba hajaja kuomba ruhusa, amekuja kuaga. DJ akabana pua: "Mume wangu mpenzi, nakupigia magoti, ukisema nisiende, siendi."

Mwanamke akabeba begi, akaubamiza mlango.

Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umeona, mama watoto? Mpelelezi mzima, ana bastola kiunoni, lakini heshima kwa mumewe iko palepale. Kaomba kwanza."

"Na kaenda," mama akasema.

"Kaenda kwa sababu mume karidhia. Hukumwona alivyonyamaza?"

Mama akaangalia kikombe. "Basi labda nimwambie bosi ampe tu yule kijana. Ya nini maneno."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Walikuwa watu watatu tu, tena ndugu zangu, na mie peke yangu ndiye niliyejua. Nikafungua mdomo. Baba mdogo akaniona: "Enhe bibie, una hoja?"

"Sukari imetosha?" nikasema.

"Imetosha, mwanangu."

Nilikuja kumwambia mama jikoni, tunaosha vyombo. Hakushangaa. "Nilihisi. Mtu aliyepiga magoti ataubamizaje mlango vile? Sasa mbona hukusema pale?"

"Niliona aibu."

"Hata mie," akasema, akasuuza sufuria kwa muda mrefu kuliko sufuria ilivyohitaji. "Nikimwambia mie, baba yako atasema nimejitungia. Wewe kwa Kiingereza anakuamini, si anakilipia ada?"

Kesho yake asubuhi nikamkuta baba uani, anapiga viatu rangi aende kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikabaki nimesimama. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia yule mwanamke wa jana hakuomba ruhusa, aliaga. Nikamrudia maneno yake ya Kiingereza, halafu kwa Kiswahili. Brashi ikasimama.

"Una uhakika?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo huyu DJ anatudanganya? Muvi zote zile?" Kuhusu mama hakusema kitu. Uchungu wote aliumalizia kwa DJ.

Lakini dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na mara tukamsikia mama kwenye simu, sauti ya kazini: "Ndiyo, bosi. Nimekubali. Kesho saa kumi na moja nitakuwa hapo."

Baba akaangalia dirisha, akaniangalia mie, kiatu kimoja mkononi. "Na chai ya asubuhi?" akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu aliyepotelewa na kitu. "Chai nani atachemsha?"

Kumbe ilikuwa chai tu.

Nikamchukulia kile kiatu, nikakiweka chini, nikamwambia aje. Alikuja. Nikamsimamisha mbele ya jiko la gesi nikamwonyesha: kwanza unafungua mtungi, halafu unawasha kiberiti, halafu ndiyo unazungusha kitufe, polepole. Mara ya kwanza alikirusha kiberiti. Nikamwambia arudie.