Siku Nilipongoja Lori la Majani

Nakumbuka asubuhi moja pale kijijini Merigi, miaka ya tisini, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na chai imechipuka kila mahali. Mwanangu, nilikuwa kijana wa kuota ndoto. Shule niliachia darasa la saba, lakini kichwani nilikuwa tayari na nyumba ya mabati na ng'ombe watatu wa gredi, wale wa maziwa mengi.

Mke wangu Chelangat alikuwa na wiki tatu tangu ajifungue. Gogo, nyanya aliyenilea, alikuwa amekataza kabisa asiguse kikapu. "Mama wa mtoto mchanga anakaa ndani, anakunywa maziwa." Nikaona hayo ni mambo ya kale. Chelangat alipotaka kunisaidia kuchuma kidogo, sikumkataza. Asiyesikia la mkuu, unajua mwisho wake.

Tukiwa katikati ya chai akasimama, mkono kifuani.

"Kifua kinanibana. Kama mtu amenikalia. Mpaka mkono, mpaka taya."

"Hiyo ni mursik ya Gogo," nikamtania. "Si umemaliza kibuyu kizima cha maziwa ya mgando!"

Hakucheka. Jasho lilikuwa linamtiririka, na kulikuwa na baridi ile ya kutoa mvuke mdomoni.

Nilimshika mkono mpaka kituo cha majani, nikamkalisha. Kikapu kilikuwa kimejaa na lori la kiwanda lilikuwa karibu kufika. Wewe uliyekulia kwenye chai unajua: majani yakishachumwa yakikaa yanapata joto, yanageuka mekundu, karani anayakataa. Basi nikamwambia, "Mvumilivu hula mbivu, mama. Lori likija tu, tunaenda hospitali." Tukangoja. Nilikuwa naangalia barabara, si uso wake. Mpaka leo hilo linaniuma.

Gogo akatokea na mtoto mgongoni, mtoto analia anataka kunyonya. Akamwona Chelangat amekuwa rangi ya jivu.

"Wewe, unangoja nini hapa?"

"Lori, Gogo. Majani hayangoji."

"Na huyu ndiye wa kungoja?" Akapiga kikapu teke, majani yote matopeni. "Hayo yatachipuka tena. Huyu akinyauka, utamchuma wapi mwingine?"

Akasimamisha pikapu ya maziwa. Wao wakakaa mbele, mimi nyuma na mitungi, ninaomba kwa sauti kama mlevi.

Hospitalini daktari alishangaa. Mama mdogo hivi, hana presha, hana sukari. Labda ni misuli tu. Sista mmoja akasema polepole, "Daktari, tumpime moyo hata hivyo." Wakambandika nyaya. Karatasi ya mistari ilipotoka, daktari akatuita tuione. Moyo ulikuwa umeumia. Akatupeleka Nairobi kwa ambulensi.

Huko walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa, wakatia dawa ya rangi, wakapiga picha. Daktari wa moyo akashika koti langu, akanionyesha bitana ya ndani. "Mshipa wa moyo pia una bitana. Yake imechanika yenyewe, damu imeingia katikati, ikabana njia."

"Basi ishone, daktari!"

"Nikiuchokoza unaweza kuchanika zaidi. Damu bado inapita. Tutampa dawa, alale, tumwangalie. Mara nyingi unajiponya."

"Ni kikapu kilimletea?"

"Sijui. Ugonjwa huu tunauona kwa kina mama waliojifungua juzi. Kwa nini, hatujui vizuri."

Mwanangu, kukaa tu na kuangalia ni kazi ngumu kuliko kulima. Kila mlango ukifunguka, naruka kusimama. Mtoto anakunywa maziwa ya chupa nyumbani kwa Gogo, mimi nahesabu pumzi za mama yake. Siku ya nane akaamka ana nguvu kidogo, akaniangalia.

"Na mursik umeniletea?"

Nikalia mbele ya wauguzi wote.

Kikapu hakukibeba tena. Nilikibeba mimi, na hatukutafuta mtoto mwingine, daktari alikataza. Watu husema haraka haina baraka. Ni kweli, lakini siku ile kungoja ndiko kulikokosa baraka. Kwa hiyo, mama yeyote, hasa aliyejifungua karibuni, akikuambia kifua kinabana na jasho linamtoka, usimtanie, usimhubirie uvumilivu, usiseme moyo ni ugonjwa wa wazee. Mwaga kikapu, mkimbize, na ukifika uombe wampime moyo.

Mungu akupe macho ya kutazama uso wa mwenzako kabla ya barabara, na nyumba yako isikose wa kukuuliza mursik iko wapi.