Nyumba Iliyobaki Chini

Felicitas alipohamia Keko na marehemu mumewe, Adelard, nyumba yao ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote mtaani. Mgeni alipanda ngazi kufika barazani. Miaka ikaenda. Barabara ikamwagiwa kifusi, majirani nao wakajaza viwanja vyao na kujenga upya, kila mmoja akijiinua kidogo kumzidi mwenzake. Felicitas, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, hakujaza kitu. Siku moja akagundua kwamba watu wanashuka kuingia kwake.

Hilo angelivumilia. Kilichomshinda ni ukuta wa Haroub. Haroub anauza vifaa vya ujenzi, duka lake limepakana na kiwanja cha Felicitas, na alipojenga ghala nyuma ya duka, ukuta ulikaa juu ya mtaro uliokuwa ukipeleka maji ya mvua bondeni. Tangu hapo, mvua ikinyesha, maji yanaingia uani kwa Felicitas na kutulia kama yamefika kwao.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. "Tunalifanyia kazi, mama," akaambiwa. Akarudi baada ya Pasaka, akaambiwa vilevile, ila safari hii alipewa kiti. Akampigia simu mwanawe, Revelian, anayeishi Bunju.

"Mama, uza hiyo nyumba uje huku kwetu."

"Mie nimekuuliza habari ya mtaro, Revelian. Sijakuuliza habari ya kuhama."

Na heshima ya Haroub ndiyo iliyomchosha kuliko yote. Alimfundisha kusoma huyo. Kila asubuhi ni shikamoo mwalimu, umeamkaje mwalimu, fundi atakuja mwalimu. Baada ya hapo kimya.

Asubuhi moja ya masika, Felicitas alishusha miguu kitandani akakanyaga maji. Sebuleni makochi yalikuwa yamelowa, ndala zinaelea. Hakulia wala hakumpigia mtu. Alivaa mabuti, akabeba kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya mlango wa duka la Haroub, akakaa.

"Mwalimu, kuna nini?"

"Kwangu hakukaliki. Nimekuja kukaa kwako."

"Lakini si nilikwambia fundi atakuja?"

"Uliniambia mwaka jana. Wewe endelea kuuza, baba."

Hakuweza kuuza. Mteja wa saruji alimtazama mama yule mlangoni, akaenda duka la ng'ambo. Wa pili naye akaondoka. Mwishowe Haroub akakunja suruali, akamfuata nyumbani. Alisimama sebuleni, maji yamemfika kwenye muundi, akiangalia makochi.

"Sikujua ni hivi," akasema taratibu.

"Ungejuaje? Hujawahi kuja kuangalia."

Wiki ile fundi alitoboa ukuta, akapitisha bomba. Felicitas alitaka mtaro, akapewa bomba. Mvua iliyofuata lilizibwa na chupa na mifuko ya plastiki, maji yakaingia tena, ingawa si mengi kama mwanzo. Haroub alikuja mwenyewe na fito kulizibua, nguo zikamlowa chapachapa, na Felicitas akakosa hata cha kumlaumu.

Ndipo akafanya alichokuwa akikikataa. Alileta kifusi, akajaza ndani, chumba kwa chumba, kisha akasakafia juu yake. Albano, seremala wa palepale Keko, akaikata milango ya mninga, ile aliyoichagua Adelard mwenyewe, na kila msumeno ulipopita Felicitas alitoka nje. Dari likashuka karibu na vichwa, madirisha yakawa usawa wa magoti.

Revelian alipokuja aliinama mlangoni, na bado akajigonga.

"Sasa mama, hapa utaishije?"

"Pakavu," akajibu, akamsogezea kiti.

Felicitas alikuwa bado na hasira, na hakuna aliyestahili kuipokea yote. Mwenyekiti hakumtukana, Haroub hakumkatalia, mwanawe alimtakia mema. Kila mtu alikuwa muungwana, na nyumba imekuwa fupi. Akamimina chai, wakanywa wakitazama miguu ya wapita njia dirishani.