Mgeni wa Pemba Chumbani kwa Sostenes

Saa moja asubuhi, Sostenes Gerald ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya stoo ya nazi sokoni Singida. Anaokota nazi, anaitikisa sikioni, anasikiliza maji yake. Yenye mlio mzuri inakwenda kulia. Iliyo kimya inakwenda kushoto, maana nazi mbovu harabu ya nzima.

Kwa siku anapitisha nazi mia tano. Ana miaka sitini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo imeishia humu stoo. Mnazi wenyewe hajawahi kuuona ila kwenye kalenda. Kwao ni Issuna, kwenye uwele na alizeti.

"Nazi nazijua kwa sikio tu," anasema. "Mti wake siujui."

Februari mwaka huu, kwenye gunia lililotoka Pemba, alichomoka mjusi. Si hawa wetu wa rangi ya vumbi. Huyu alikuwa kijani kibichi, urefu wa kiganja. Wenzake walishika fagio. Yeye alivua kofia, akamfunika.

Kisa? Mzee anajikuna shingo. Mkewe, Lea, alifariki miaka minne iliyopita. Watoto wako Dar es Salaam, wanapiga simu Krismasi.

"Nilimwona yuko peke yake pale, nikasema, basi, twende."

Akamwita Mgane, kama yeye mwenyewe aliyefiwa na mke. Chumbani kwake Mandewa akamtengenezea boksi lenye wavu, akawa anamlisha nzi na tone la asali. Jioni wanaongea, yaani mzee anaongea. Anamsimulia bei ya alizeti, tena kwa Kinyaturu, eti atazoea tu.

Majirani wakasema ni kinyonga, na kinyonga nani anamfuga ndani? Scola, jirani aliyekuwa akimletea uji kila asubuhi, akaishia mlangoni.

"Shikamoo babu. Lakini humo siingii mpaka umtoe."

Hakumtoa, na uji ukakoma. Ukimuuliza kama iliuma, hafichi. "Iliuma sana. Nilikuwa na watu wawili wa kuongea nao, nikabaki na mjusi."

Juni, upepo wa baridi wa Singida ulipoanza kuuma, Mgane akaacha kula. Mzee akabeba boksi hadi kwa Mwalimu Happiness, anayefundisha biolojia sekondari. Mwalimu akachungulia, akaona mayai mawili meupe yamegandana pembeni, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Babu, huyu si mgane. Huyu ni mama, na mbegu ya dume alikuja nayo tumboni."

Miezi minne hakuwa amegundua. "Kiswahili ndicho kilichoniponza," anajitetea. "Kila siku ni 'yeye', 'yeye'. Ningejuaje?"

Kisha mwalimu akaacha kucheka. Akamweleza kuwa asili ya mjusi huyu ni kisiwa kile kile cha Pemba, na baridi hii ya kwetu hajaizoea. Akibaki atakufa, na mayai hayataanguliwa.

"Siku tatu sikumsemesha Mgane," anasema Sostenes. "Nilikuwa na hasira. Si yeye aliyenikosea. Ni ile habari."

Siku ya nne akaenda ofisi ya wanyamapori kuomba kibali cha kumrudisha Pemba. Tangu hapo anaweka chupa ya maji ya moto chini ya boksi, anaibadilisha kila inapopoa, na mchana anatoroka stoo kwa ajili hiyo. Bosi ananung'unika, yeye anajifanya hasikii.

Kibali kimetoka Jumatatu. Alhamisi atapanda lori la nazi la dereva Noel hadi Tanga, kisha meli, boksi mapajani, mayai humo humo. Bahari hajawahi kuiona, na anakiri kwamba inamtisha.

Na akirudi Mandewa, chumba kitupu, itakuwaje? Anashika nazi nyingine, anaitikisa, haipeleki kulia wala kushoto.

"Nitamwachia kwenye mnazi, nikae chini nimtazame akipanda. Akigeuka kuniangalia, nitashukuru. Asipogeuka, sitamlaumu. Atakuwa amefika kwao."