Ncha Nyeusi ya Meza Namba 17

Saa moja na nusu asubuhi, Maeng Ok-bun anakaa kwenye meza namba 17, anawasha chuma chake cha kulehemu na kusubiri kipate moto. Mbele yake kuna bodi za kengele za gesi, zile zinazofungwa karibu na boila za kupasha nyumba joto. Leo anapimwa. Viungio mia moja. Vikiharibika zaidi ya vitatu, kazi imekwisha.

Anagusisha waya wa risasi ya kulehemia kwenye ncha ya chuma. Risasi inatakiwa iyeyuke, itambae, iivae ncha yote. Haishiki. Inajikunja kitone na kudondoka mezani.

"Unaona?" anasema kwa sauti ya chini. "Kama maji kwenye sahani yenye mafuta."

Ok-bun ana miaka 57, na 31 kati ya hiyo amelehemu kwenye viwanda vidogo hapa Gumi, Korea Kusini. Analipwa won milioni mbili na laki moja kwa mwezi. Mume wake anasafishwa figo mara tatu kwa wiki, hafanyi kazi tena.

Kila bodi ina namba ya aliyeilehemu. Mwezi uliopita zilirudi 41 zenye namba 17. Moja ilikaa kimya wakati boila inavuja gesi nyumbani kwa wazee wawili. Mzee ametoka hospitali. Mke wake bado hajaamka.

"Nilimuuliza msimamizi jina la yule mama," anasema. "Akaniambia, la kazi gani?"

Shida ilianza mwezi wa nne, wageni wa kampuni inayonunua kengele walipokuja kukagua. Wageni wakija hapa, kinasafishwa kila kitu mpaka chini ya viti. Msimamizi, Tak Gyeong-su, 39, akaona ncha zina risasi iliyogandia juu yake. Akasema uchafu huo unatia aibu. Akatoa msasa.

Kumbe ndivyo ncha inavyotunzwa. Ukizima chuma unaiacha na risasi nene, kama koti. Unaifuta kwenye sponji iliyokamuliwa ukitaka kulehemu tu, halafu unaivisha tena. Ukiipiga msasa unaichuna ngozi yake ya chuma, shaba ya ndani inaliwa, ncha inakuwa nyeusi. Hapo mtu anapandisha moto, anakandamiza, na kiungio kinashika kwa juu juu tu.

"Nilijua," anasema Ok-bun. "Mimi ndiye mkubwa kwenye safu, nikapewa mimi nizisugue. Kumi na moja. Ziling'aa kama vijiko vya harusi."

Kwa nini hakukataa?

"Miaka thelathini na moja nasema ndiyo. Mdomo umezoea."

Ncha mpya zimefungiwa kabatini kwa msimamizi. Zamu ya Ok-bun kupewa ni mwezi ujao.

Kwenye meza inayotazamana na yake, namba 22, yuko Pyo Mal-sun, 49. Siku ile ya msasa alikuwa mgonjwa, na ncha yake ilikuwa kwenye droo yake, imefungwa kwa ufunguo. Ndiyo ncha ya kumi na mbili, nzima peke yake. Anachungulia.

"Dada, unalehemu au unachoma samaki? Moshi wote huo."

"Niache, nahesabu."

"Unahesabu nini na hujaanza hata kimoja? Shika hii." Anaichomoa ncha yake kwa koleo.

"Na wewe?"

"Mimi sipimwi. Ila uirudishe, isiwe kama bakuli langu la kabichi ya kimchi."

"Lilivunjika."

"Mwaka wa sita huu linavunjika."

Saa nne Tak anakagua kwa kioo cha kukuzia. Viwili vibovu. Ok-bun amepita.

Halafu Tak anageukia bodi za Mal-sun, alizolehemu asubuhi hiyo kwa ncha nyeusi aliyobadilishana na Ok-bun. Anakagua, anaandika.

"Namba 22. Sita. Kesho utapimwa wewe."

"Sawa, mkuu," anasema Mal-sun, na kuinamisha kichwa. Hamtazami Ok-bun.

Mchana supu ya mwani inapoa mbele ya Ok-bun.

"Nilitaka kusema pale pale," anasema. "Nikajikuta nafikiria figo."

Jioni Tak anapita tena na msasa. Wageni wanarudi kesho.

"Mama Maeng, zing'arishe kama siku ile."

"Ndiyo, mkuu," anajibu, na kuupokea.

Tak akishaondoka, anapita meza moja moja na waya wa risasi, anajaribu kuzivisha zile ncha. Zote kumi na moja zinakataa. Ni ya Mal-sun tu, aliyokwisha kuirudisha, inayokubali. Anaijaza risasi mpaka inanenepa, anazima.

Yake anaichomoa, anasubiri ipoe, anaifunga kwenye karatasi pamoja na msasa ambao hajautumia. Anavitia kwenye mfuko wa aproni.

Kesho, anasema, wageni wakishakaa, ataviweka mezani mbele yao, kabla Mal-sun hajaanza kupimwa.

"Nitaanza na jina langu, kwamba ni mimi niliyesugua. Halafu nitasema nani alinipa msasa."

Na wakimfukuza?

Anafunga vifungo vya koti mpaka juu kabla ya kujibu.

"Watanifukuza. Lakini kengele iliyorudi, hao wageni ndio wana karatasi yake. Kabla sijatoka nitawaomba jina la yule mama, na hospitali aliyolazwa."