Nilisema Nilikuwepo

Habari hii watu wa Wembley wote wanaijua, kwa hiyo sioni faida ya kuificha, na kama kuna mtu hajaisikia basi ni bora aisikie kwangu mwenyewe kuliko kwa mke wa Sheikh Nassor, ambaye nasikia akiisimulia anafika mpaka kuigiza sauti yangu. Nilisema uongo mbele ya ukumbi mzima, kwenye arobaini ya rafiki yangu, maiki mkononi, na mama yake amekaa pale mbele ananiombea dua. Haya, nimeshasema, sasa nipumue.

Mimi na Khatib tulikuja London wadogo kutoka Pemba, yeye wazazi wake wakapewa nyumba Wembley na sisi Walthamstow, lakini Ijumaa zote na sikukuu zote tulikuwa pamoja, mpaka watu wakawa wanatuita kwa jina moja. Yeye ndiye aliyesikia habari za kile kisiwa cha Norwe, kaskazini kabisa ya dunia, ambako hawakuulizi viza na kuna hoteli inatafuta watu wa jikoni. Mimi nilikubali kwenda kwa sababu mke wangu alikuwa ameniacha na chumba changu kilikuwa kinanuka ukungu, nikaona kama ni baridi basi bora baridi yenye mshahara. Khatib akawa mpishi, mimi nikawa muosha vyombo.

Mji wenyewe ni kama barabara moja yenye duka, shule, kanisa na nyumba za mbao za rangi rangi, na ukitaka kutoka nje ya mji lazima mmoja wenu awe na bunduki kwa sababu ya dubu weupe. Mwezi wa kumi jua linaaga, na hulioni tena mpaka mwezi wa tatu. Sasa watu wa kule, kwa kuwa wanajua giza linaweza kumla mtu, hawakai majumbani: leo kwaya, kesho wanakusanyika kusuka sweta, keshokutwa bwawa la kuogelea, Jumapili wanaalikana kahawa na vitumbua vyao vya bapa, na kila mlango unaoingia unavua viatu, hata hotelini, kama msikitini (Khatib hilo lilimfurahisha sana, akasema hawa wametukaribia). Khatib aliingia kote humo. Alijifunza kuteleza na vile vibao vya miguuni, akaanguka mpaka jino likamng'oka, akaendelea. Aliimba kwaya! Mimi nilikuwa namcheka. Nikitoka shifti naingia chumbani, navuta pazia (la kuzuia nini, sijui, na nje kiza totoro), natazama mpira kwenye simu. Miezi mitano nilikuwa nimefika dukani na jikoni, basi.

Mwezi wa tatu, asubuhi moja ya siku yetu ya mapumziko, Khatib alitoka na wenzake watatu kwa skuta za theluji kwenda ng'ambo ya ghuba, mahali ambapo jua huonekana kwanza likirudi. Barafu ikapasuka chini ya skuta yake. Walimtoa majini yu hai, lakini helikopta ilipofika alikuwa ameshakufa.

Mimi sikuwepo, nilikuwa kitandani.

Meneja wa hoteli akaniambia, wewe ndiye unayejua lugha yao, mpigie simu mama yake. Nikampigia Bi Zuwena, na kilio kilipotulia kidogo akaniuliza, "Hamad mwanangu, ulikuwa naye?"

Sasa na nyinyi nikuulizeni, mngesema nini? Yuko peke yake jikoni kwake, mwanawe amekufa kwenye barafu mwisho wa dunia, na anachotaka kujua ni kwamba hakufa mikononi mwa watu asiowajua.

"Nilikuwa naye, mama."

"Alisema chochote?"

Hapo ndipo ilinipasa ninyamaze. Neno moja la kwanza lingesameheka. Lakini nikasema, "Alitamka shahada, mama. Niliisikia kwa masikio yangu."

Akasema "Alhamdulillahi" mara nyingi, na kilio chake kikabadilika, kikawa cha mtu aliyepata pa kukaa, na mimi nikakata simu nikijiona nimefanya jambo jema. Ndiyo, nilijiona mtu mwema kabisa.

Nikarudi London na maiti, tukazika, na kuanzia siku hiyo Bi Zuwena hakuniacha. Kila mtu aliyekuja kumpa pole aliambiwa, huyu ndiye aliyemshika mwanangu. Wazee wakinipa mikono yote miwili. Wanawake walinipakulia nyama kubwa kubwa. Nimepewa koti la Khatib, nimepewa saa yake, na kila nilipotaka kukataa Bi Zuwena alinitazama namna ile, nikapokea. Halafu akaja Sheikh Nassor akasema kwenye arobaini itapendeza Hamad asimame awaambie watu maisha ya marehemu kule ughaibuni, maana vijana wetu wanafikiri mtu akienda mbali dini inamtoka.

Nikasema inshallah. Ningeweza kusema naumwa koo.

Jumapili ya arobaini nikapanda treni kutoka Walthamstow mpaka Wembley, nikiwa nimevaa koti la marehemu, na njia nzima nafanya mazoezi ya maneno mdomoni mpaka mama mmoja akahama kiti. Ukumbi ulijaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, viatu vimerundikwa mlangoni, harufu ya biriani inatoka nyuma. Khitima ikasomwa, dua ikaombwa, nikaitwa.

Nilianza vizuri. Nikasema Khatib alikuwa mkarimu, na hiyo ni kweli. Lakini watu walikuwa wananitazama kwa hamu, wanataka kusikia habari za kule, na mimi habari za kule sina, nina habari za sinki. Basi nikatunga. Nikasema mimi na Khatib tulikuwa tunatoboa tundu kwenye barafu tunavua samaki. Nikasema tumelala kwenye nyumba ya barafu (hakuna mtu anayelala kwenye nyumba ya barafu kule, wana umeme na bomba za maji ya moto!). Nikasema tulikuwa tunaendesha mbwa, mimi mbele yeye nyuma. Sheikh Nassor akainua kidole, akauliza, "Na vipindi vya sala mlikuwa mnavijuaje na jua hakuna?" Nikajibu bila ya kukwama kwamba tulikuwa tunafuata saa za Makka, tunasali jamaa, yeye imamu na mimi maamuma. Khatib ndiye aliyekuwa akifuata saa za Makka. Mimi nilikuwa nafuata saa za mechi.

Watu wakasema mashallah. Ndipo nilipotupa macho upande wa wanawake nikamwona Marites.

Marites ni Mfilipino, alikuwa mtandika vitanda pale hotelini, na ni mmoja wa wale watatu waliotoka na Khatib siku ile. Amekaa karibu na Asha, mdogo wake Khatib, amejifunika mtandio wa kuazima, ananitazama anatabasamu, na aliponiona nimemwona akanipungia mkono. Kiswahili hajui hata neno, kwa hiyo hakuwa ameelewa chochote. Baadaye ndipo nilipojua kuwa Asha alimtafuta kupitia simu ya Khatib, na kwa kuwa alikuwa anapita London akirudi kwao, akamwalika bila ya kumwambia mtu.

Mtu mwenye akili angesema wabillahi taufiki akashuka. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye siku yenyewe, na Bi Zuwena ameinamisha kichwa anasubiri kile anachokipenda, basi nikakisema, sauti inatetemeka na watu wakadhani ni majonzi. Nilimshika, akanitazama, akatamka shahada. Ukumbi mzima ukalia.

Asha akasimama akasema kuna mgeni, naye alikuwa na Khatib, angependa kusema machache, na yeye Asha atamfasiria mama. Marites akapewa maiki ya pili. Alizungumza taratibu, kwa Kiingereza chepesi, na karibu wote pale walimfahamu kabla hata ya tafsiri. Alisema Khatib ndiye aliyekuwa akiimba sauti ya chini kwenye kwaya. Akasema siku ile walikuwa watu wanne, yeye, Khatib, na bwana na bibi wa Kinorwe. Walipomtoa majini, yule bwana alikwenda kutafuta mawimbi ya redio, bibi akawasha jiko dogo la mafuta, na yeye Marites akalala juu ya Khatib ili ampe joto. Khatib alikuwa anarudia neno moja la lugha yake, na yeye hakulifahamu, lakini alilishika kichwani ili siku moja amletee mama yake.

Akalisema, polepole, amelivunja vunja. "Ni. Fu. Ni. Ke."

Hakuna aliyefasiri hilo. Bi Zuwena alilisikia mwenyewe, akaweka kiganja mdomoni.

"Akamfunika?" aliuliza.

Asha akauliza kwa Kiingereza, akajibiwa. "Anasema alivua koti lake akamfunika, mama. Na kofia yake. Mwisho midomo ilikuwa inatembea lakini sauti haitoki."

Sheikh Nassor akasema kwa sauti ndogo kwamba midomo hiyo Mola wake anajua ilikuwa inasema nini. Na ningeomba yaishie hapo. Lakini Bi Zuwena aligeuka kunitazama, bila ya hasira, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali asikione.

"Hamad," akasema, "wewe ulikuwa upande gani?"

Na mimi, niliyelaaniwa, maiki nyingine bado ninayo mkononi, nikasema, "Nilikuwa nyuma kidogo, mama."

Asha akamgeukia Marites. Sikusikia alichouliza. Nilisikia jibu tu, kwa sababu Marites alikuwa bado na maiki mdomoni, na alijibu kwa mshangao wa mtu asiye na ubaya wowote: "Hamad? Hapana, Hamad alikuwa hotelini. Hamad hatoki. Tulikuwa tunamwalika kila wiki, hajawahi kuja hata mara moja."

Nimewahi kufukuzwa kazi, nimewahi kuachwa na mke kwa ujumbe wa simu, lakini sijawahi kuumbuka kama siku ile. Halafu mzee mmoja wa nyuma akasema, "Na mbwa je?" na mtu akacheka, akajizuia, na kicheko kile kilichozuiwa kiliniuma kuliko tusi. Niliweka maiki chini, ikalia wiii, nikapita katikati ya watu mpaka mlangoni, nikatia miguu kwenye viatu vya mwanzo nilivyovikuta, nikatoka. Nilipofika stesheni ndipo nikaona nimevaa makubadhi ya ngozi ya mtu mwingine, makubwa, na mvua inanyesha.

Siku tisa sikupokea simu. Siku ya kumi nikaona haiwezekani, nikayafunga yale makubadhi kwenye mfuko pamoja na koti na saa, nikaenda kwa Bi Zuwena. Alifungua mlango mwenyewe. Hakusema karibu, lakini hakufunga. Nikamwekea mfuko mezani, nikasema mama nisamehe, akasema kaa, nikakaa. Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia na hakusita.

"Siku ile," akasema, "ulikuwa wapi?"

"Kitandani, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Natazama mpira."

Akachambua, akachambua.

"Hakukwambia twende?"

Hili nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata nafsi yangu nilikuwa naizungusha. Nikamwambia: alikuja kugonga mlango. Nikapunguza sauti ya simu nikajifanya nimelala. Akagonga tena. Akasema, "Hamad, amka bwana, jua linarudi leo, utalikosa." Nikanyamaza. Alisimama pale kidogo, nikawa naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango, kisha akagonga mara ya tatu, kidole kimoja tu, akaenda zake anaimba.

Mkono wa Bi Zuwena ukasimama juu ya mchele.

"Anaimba nini?"

"Sijui, mama. Nyimbo zao za kwaya. Sijui maneno."

"Lakini alikuwa anaimba."

"Alikuwa anaimba."

Nilingoja anitukane, na Mungu ananiona nilikuwa nataka anitukane. Badala yake akasema, "Sema tena. Tangu alipogonga. Na usiongeze kitu."

Nikasema tena. Alitaka kujua aligonga kwa nguvu au polepole, na alipokuwa anakwenda hatua zilikuwa za haraka au za kawaida, na nilipokuwa sijui nilisema sijui, na kila niliposema sijui aliitika kwa kichwa kama mtu anayehesabiwa haki yake. Mara ya nne nikashindwa kuendelea. Akanisukumia sinia upande wangu ili na mimi nichambue.

Hajanisamehe, msifikiri hivyo. Marites anampigia simu, mimi hanipigii, na arusini akinipita anaitikia salamu tu. Ila mara moja moja, siku za Jumapili, Asha ananiletea ujumbe kwamba mama anasema nije nimsimulie ule mlango. Nakwenda. Nasimulia mlango ulivyogongwa mara tatu na mimi nimelala macho, na siongezi hata kikohozi.