Mtungi Wangu Mtupu

Nyumba ya mama iko mwisho wa njia ambayo hakuna gari wala bodaboda iliyowahi kuipanda. Ukishuka barabarani, kule juu milimani upande wa Wundanyi, unapita mashamba ya maharagwe na migomba, unavuka kijito, kisha unakutana na ngazi za mawe ambazo babu yangu alizipanga kwa mikono yake. Sisi watoto tulizipanda mbio kila tulipotoka shule. Mama alitungoja mlangoni na kikombe cha maji, lakini hakutupa papo hapo. Kwanza alimwekea kila mmoja kiganja kifuani na kuusikiliza moyo kwa mkono. "Bado," alikuwa akisema. "Ngoja utulie." Aliamini maji baridi yakiukuta moyo unaruka yanauumiza. Sijui imani hiyo aliitoa wapi, na sijawahi kusikia daktari akiitaja, ila tulingoja, maana kikombe kilikuwa mkononi mwake.

Pasaka ya mwaka juzi nilishindwa kufika kwenye mlango huo. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu. Nilivuka kijito, nikapanda ngazi kama kumi hivi, magoti yakakataa, macho yakaona vinyota, nikarudi chini kuketi juu ya jiwe kubwa lililo kando ya maji. Nikampigia mama simu.

"Mama, nimefika kwenye jiwe."

"Sasa si upande?"

"Siwezi."

Simu ikakatika. Baada ya muda nikamwona anashuka na chupa ya chai na vikombe viwili ndani ya kikapu. Mama yangu ana zaidi ya miaka themanini. Aliketi karibu nami, akaniwekea kiganja kifuani, akakiacha hapo muda mrefu, na safari hii hakusema "Bado". Alimimina chai tu.

"Mwanangu, usijisumbue tena na hizi ngazi," alisema tulipomaliza. "Ukija uwe unaniita. Mimi nitashuka, tunakunywa hapa hapa."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. Nikamtazama akipanda na kikapu chake, pole pole, bila kusimama hata mara moja. Nimewahi kuona aibu nyingi maishani, lakini ile ilikuwa ya pekee.

Wacha nieleze nilivyofika hapo. Mimi ni fundi wa kushona, hapa mjini Voi, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Zamani nilikuwa na cherehani ya kukanyaga, kwa hiyo angalau miguu ilikuwa na ajira. Kisha nikanunua ya umeme, na miguu ikastaafu kabla yangu. Nilitoka nyumbani Birikani hadi dukani kwa bodaboda, nikaketi tangu asubuhi mpaka jioni, nikarudi kwa bodaboda. Mume wangu alipofariki, nikaongeza kuketi huko nyumbani. Nilikuwa nagombana naye kichwani. Aliniachia nyumba ambayo haijapigwa plasta na mlango wa nyuma usiofungika vizuri, na mimi nikipindua kola au kupachika kifungo nilikuwa namwuliza alifikiri nani angemalizia kazi hiyo. Mtu aliyekufa hajibu, kwa hiyo ugomvi hauishi. Usingizi ulinipotea. Chakula sikukipoteza, nilikula vya watu wawili.

Wiki iliyofuata Pasaka nilikwenda kliniki. Sista alinifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo, akatazama, akakijaza tena. Presha ilikuwa juu na sukari ilikuwa inanyemelea. Akanipa dawa, kisha akaniambia nitembee kila siku, mwendo wa haraka kidogo, mpaka jasho litoke.

"Nitembee niende wapi?" nikamwuliza.

Akacheka. "Popote, mama. Utembee tu."

Yule sista bila shaka si mtu wa Voi. Hapa mtu hatembei tu. Siku ya kwanza nilipotoka asubuhi, baada ya kungoja jua lichomoze kwa sababu alfajiri ndovu wakati mwingine huzurura hadi kando ya mji, mwenye bodaboda wangu alinifuata akidhani nimekosa kumwona. Siku ya pili mwenye pikapu aliyeleta mchanga alisimama akanifungulia mlango. Siku ya tatu mshirika mwenzangu kanisani aliniuliza kwa sauti ya msibani, "Fundi, kwani kuna nini? Duka limefungwa?" Kila mtu alitaka kujua ninakokwenda, na hakuna aliyelikubali jibu la kwamba siendi mahali. Mjane anayetembea bila safari tayari watu wanaanza kumwombea.

Nikapata ujanja. Voi tunaishi na shida ya maji, na mtu aliyebeba mtungi haulizwi chochote. Nikachukua mtungi wa plastiki wa lita tano, wa manjano, uliowahi kuwa na mafuta ya kupikia, nikatoka nao mtupu. Siku hiyo nilipita mtaa mzima nikisalimiwa tu. Nilifuata njia ya vumbi kando ya reli ya zamani, mlima Sagalla mbele yangu, mpaka kwenye kalvati iliyobomoka ya kupitishia maji ya mvua, nikageuka. Nilitweta kama mbuzi wa kuuzwa, lakini nilifika.

Nikaendelea hivyo wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Magoti yaliyokuwa yanalia nilipoinuka kitini yakaanza kunyamaza. Nikaanza kulala, usingizi mzito kabisa, ule wa kuamka na alama ya mto shavuni. Asubuhi moja nilifika kalvati nikagundua kwamba njia nzima sikuwa nimegombana na mume wangu. Nilikuwa nimetazama tu kwale wakichakura vumbi, na nikafikiria kola za shule fulani, na nikamkumbuka yeye alivyokuwa akicheka akikohoa. Nikasimama pale nikalia kidogo. Kilikuwa kilio kizuri, sijui nikiiteje vinginevyo. Tangu azikwe, ilikuwa mara ya kwanza nimkumbuke bila hasira.

Basi ujanja wangu ukanirudia. Jumatatu moja nikiwa nimepita nyumba za mwisho nilisikia mitungi ikigongana nyuma yangu. Nikageuka. Wanawake saba, kila mmoja na mitungi miwili, na wa mbele alikuwa jirani yangu, Mkamba mmoja anayeuza mboga sokoni, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu kutoka stesheni.

"Endelea tu fundi," akasema. "Tuko nyuma yako."

Hapo nikaelewa. Mabomba yalikuwa makavu siku ya tisa. Na mimi kila asubuhi walikuwa wananiona natoka na mtungi, na sikuwahi kulalamika kama wengine. Wakaamua nimegundua maji na ninayaficha. Ningesema ukweli hapo hapo, lakini mimi nikibanwa hukaa kimya, ni tabia mbaya niliyo nayo tangu utotoni. Nikaendelea kutembea. Nao wakafuata, wakipiga soga, wakisifu ukakamavu wangu, mpaka kwenye kalvati.

"Haya, bomba liko wapi?"

"Hakuna bomba."

"Kisima?"

"Hakuna kisima. Ni presha yangu. Niliambiwa nitembee."

Jirani akanyanyua mtungi wangu, akautikisa sikioni, akaugeuza juu chini. Halikutoka hata tone.

"Aki ya Mungu! Umetutembeza kutoka Birikani mpaka huku kwa sababu ya presha yako? Sasa hata yangu imepanda!"

Mmoja akaanza kucheka, akaketi chini kwa kucheka, na wengine wakafuata, isipokuwa jirani, aliyerudi njia nzima akinipita mbele bila kugeuka. Nilijua nimestahili. Watu walikuwa na ndoo kavu nyumbani na mimi niliwapotezea asubuhi.

Kesho yake nilitoka bila mtungi, maana siri ilikuwa imekwisha. Nikamkuta jirani amesimama langoni pake, naye mikono mitupu, amevaa raba za binti yake.

"Mimi pia niko nayo," akasema, akitazama barabara. "Presha. Mwaka wa pili huu, na sijamwambia mtu. Twende, lakini usinikimbize."

Sikumkimbiza. Kusema kweli yeye ndiye aliyekuja kunikimbiza mimi, maana ana miguu mirefu na hasira ya asili. Wiki hiyo wakaongezeka wawili kati ya wale saba, tukawa wanne. Nimeshukuru kwa mambo mengi, na kwa dawa pia, ambazo nameza mpaka leo kama nilivyoagizwa. Lakini nikipiga magoti jioni, wa kwanza kumtaja ni yule mwanamke na raba zake za kuazima, kwa sababu zipo asubuhi nyingi ambazo ningebaki kitandani kama si yeye kugonga dirisha langu kwa funguo.

Mvua za vuli zilipoanza, mke wa kaka yangu, anayeishi na mama, alipiga simu. Mama alikuwa ameteleza kwenye ngazi za babu. Mfupa haukuvunjika, lakini kifundo cha mguu kilivimba na mganga wa zahanati alisema ngazi basi. Nikaomba niongee naye.

"Usije," akasema. "Utafika kwenye jiwe, na mimi siwezi kushuka. Tutaongea kwa simu tu, mwanangu, hata simu ni nzuri."

Niliweka simu mezani nikatazama sare zilizorundikana. Kwa maneno hayo mama alikuwa ananiaga, na alikuwa ananiaga kwa heshima ili nisione vibaya.

Jumamosi nilifunga duka. Jirani alipotaka kunisindikiza nikakataa, naye akanipa sukuma wiki fungu zima la mama na kunitazama miguu kama mtu anayenunua punda. Sijui kwa nini nilibeba na mtungi. Mkono ulikuwa bado unaukumbuka.

Nilishuka barabarani saa nne asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Nilivuka kijito, nikasimama kwenye jiwe langu, na niliogopa, sitaficha. Kisha nikainama nikaujaza mtungi maji ya kijitoni, yale yale tuliyokunywa utotoni, kwa sababu mke wa kaka ndiye anayebeba peke yake sasa, na kwa sababu nilichoka kubeba mtungi wa uongo. Nikaanza kupanda. Ngazi ya kumi ilipita. Kwenye ile kona yenye mparachichi nilipumzika, nikahesabu pumzi, nikabadilisha mkono. Mapaja yaliwaka, jasho likaniingia machoni, lakini miguu ilikuwa inaijua kazi. Sikuona vinyota. Niliona viatu vyangu, jiwe, viatu vyangu, jiwe, halafu nikaona bati la nyumba.

Mama alikuwa ameketi kiti cha mlangoni, mguu umewekwa juu ya kigoda. Hakupiga kelele. Alinitazama nikiweka mtungi chini, akanitazama kichwani hadi miguuni, akajaribu kuinuka.

"Kaa, mama."

"Nani amekubeba?"

"Hakuna."

Akamwita mke wa kaka alete kikombe, akakijaza mwenyewe kutoka kwenye mtungi wangu. Nilikuwa na kiu ya kufa. Nikanyoosha mkono, naye akakivuta kikombe kwake.

"Njoo hapa kwanza."

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, mwanamke mzima wa miaka hamsini na mitatu, nikasogeza kifua. Akaniwekea kiganja. Kilikuwa chepesi na kikavu.

"Bado," akasema. "Ngoja utulie."

Nikangoja. Moyo ulitulia haraka kuliko nilivyodhani, nilimwona usoni kwamba ameuhisi umetulia, lakini hakuutoa mkono, na mimi sikuomba maji.