Paa la Meli

Kuanzia mwezi wa kumi nyumba yetu ilikuwa inaelea, na hakuna aliyeliona hilo isipokuwa mimi.

Tunakaa Ringwani, ambako baba anafundisha shule ya msingi. Huku pande zote ni mashamba ya mtama na mihogo, na maji yenyewe ni ya kusubiri foleni kisimani. Lakini jioni upepo ukipita juu ya mtama, shamba zima linainama na kuinuka, linainama na kuinuka. Mimi nilikuwa nashika ukingo wa dirisha kama mtu anayeogopa kutumbukia, na nyumba yetu ya bati inaanza safari. Mama akiniita nikaoshe vyombo, ninatoka mbali sana kuja kumwitikia.

Aliyeyaanzisha yote ni mjomba, kaka yake mama, ambaye anafanya kazi Mwanza. Alipiga simu akasema mwisho wa mwaka ukoo mzima, kuanzia bibi mpaka mtoto anayenyonya, tutapanda meli pamoja. Hakukuwa na harusi wala msiba. Ni bibi tu alikuwa ameomba.

Bibi ni mama yake mama. Anaishi Kerende, ng'ambo ya mto Mara ukitokea kwetu, na tangu alipoolewa pale amechota mto huo, ameufulia, amenywesha ng'ombe humo. Sasa macho yake yanaingia ukungu. Jicho la kushoto anasema linaona kama mtu anayechungulia ndani ya kibuyu cha maziwa.

"Haya maji yananipita tangu ujana wangu," alimwambia mjomba. "Hayajawahi kurudi kuniambia yalikokwenda. Nipeleke nikaone, kabla hili jicho lililobaki nalo halijafunga duka."

Mto Mara unaingia Ziwa Victoria. Sisi wajukuu tunalijua hilo darasani, tunachora mshale wa bluu kwenye ramani na kupata alama. Bibi hakuwahi kuliona hilo ziwa. Si kwamba ni mbali sana, ni kwamba kila siku kulikuwa na ndama, na mtoto, na palizi.

Kazi ya kuchagua meli nilipewa mimi. "Huyu asiyeongea angalau anasoma," mjomba alisema. "Mpeni simu atafute."

Ni kweli siongei. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, jibu langu hutoka limevaa soksi, na darasa zima linapiga kelele, "Sauti!" Basi nikashukuru kupata kazi ya kimya. Kila jioni mama alinipa simu yake, nikakaa dirishani nikitafuta meli.

Za kwanza kuja zilikuwa za bahari za mbali, ndefu kama mtaa mzima wa Tarime mjini uliokatwa na kusukumwa majini, na juu yake mabwawa ya kuogelea. Nilishangaa mtu aliyezungukwa na maji yote yale anabeba mengine juu. Mjomba akasema, "Hizo waachie wenyewe, mwanangu. Angalia za ziwani kwetu." Ndipo nikaiona meli inayotoka Mwanza jioni na kufika Bukoba asubuhi. Ilikuwa na vyumba vyenye vitanda vya kupandana na dirisha la duara. Niliupenda ule uduara. Niliona jinsi asubuhi ingeingia humo, duara moja la mwanga ukutani, na bibi akiamka analitazama.

Nikaanza kuwapanga watu. Bibi kitanda cha chini kwa sababu ya magoti yake. Mama juu yake. Mimi pembeni, nimsikie akiita. Na kwa kuwa kitanda kimoja cha chumba hicho kilibaki wazi, nikamweka baba.

Nilikuja kulielewa kosa langu siku ya kikao.

Kikao kilikuwa kwa bibi, uani, Kerende. Mjomba alikuja, wakaja mama wadogo na binamu, na mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ulimi wake hauna breki. Baba naye alikuja, lakini alikaa ng'ambo ya njia, kwenye benchi la duka la jirani, akanunua soda na kugeuzia uso barabarani. Ndivyo anavyokaa siku zote tukienda huko. Na bibi akija Ringwani hulala kwa mama mmoja wa kanisani, na baba chakula chake anapelekewa shuleni. Ni heshima ya mkwe na mama mkwe, ile aibu ambayo kwa Kikurya tunaiita ensoni. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na paa moja haliwezi kuwafunika wote wawili. Nililijua hilo kama ninavyojua njia ya kwenda kisimani, kwa miguu, bila kufikiri. Hakuna mtu aliyewahi kunikalisha chini kuniambia. Ndiyo maana kichwani mwangu, kwenye kile chumba cha dirisha la duara, nilikuwa nimewalaza wote wawili na kuwafunika shuka kwa furaha kabisa.

Nilisoma mpangilio wangu wa vitanda kwa sauti yangu ya soksi. Nilipofika kitanda cha mwisho, nikasikia soda ya baba ikiwekwa juu ya benchi kule ng'ambo.

Mama mkubwa ndiye aliyeanza. "Heee! Mwanangu, umemwozesha bibi yako kwa baba yako?"

Watu wakacheka hadi kuku wakatawanyika. Mimi nilitamani ule ua upate wimbi linichukue.

Mjomba alijaribu kuokoa. "Basi tubadilishe vyumba. Mama chini, shemeji ghorofa ya juu kabisa."

"Ili atembee juu ya kichwa cha mama?" mama mkubwa akauliza. "Wewe mura, kijana mzima, Mwanza imekuchukua hadi akili?"

"Ile ni meli, dada. Ni chombo, kama gari. Si nyumba."

"Ina vitanda?"

"Ina vitanda."

"Ina mlango wa kufunga usiku?"

"Inao."

"Ina jiko, na choo, na paa?"

Mjomba akainua macho, akatazama paa la nyumba ya bibi. "Hiyo ni nyumba," mama mkubwa akasema. "Imeponyoka tu, ikaingia majini."

Bibi hakuwa amecheka. Alikuwa anasugua goti lake taratibu, akitazama upande wa mtoni. "Msigombane," alisema. "Nyie nendeni. Mimi maji yangu nitayaonea hapa hapa."

Mama akaniashiria nitoke nimpelekee baba habari, ingawa kila mtu alijua alishasikia yote. Nikavuka njia. Baba alikuwa ameangalia chupa yake.

"Bibi anasema abaki yeye," nikanong'ona.

"Mwambie hapana. Safari ni yake. Nabaki mimi na ng'ombe." Kisha, chini zaidi, "Na mimi, mwanangu, maji yenyewe nayaogopa. Usiwaambie hilo."

Nikarudi uani. "Baba anasema abaki yeye."

"Na mimi sitapanda chombo ambacho kimemfukuza mkwe wangu," bibi akasema. "Yeye ndiye aliyesomesha watoto wa binti yangu. Niende kufurahi, yeye amekaa na ng'ombe kama mtu aliyekosa? Hapana. Mwambie hapana."

Nikavuka njia tena. Nikarudi tena. Bibi hataki bila baba, baba hataki bibi akose, na mjomba anakuna kichwa akisema basi, tuahirishe mpaka mwaka ujao. Nikamtazama bibi aliposikia "mwaka ujao." Alilifunika lile jicho zima kwa kiganja, akabaki na lile la maziwa, kama mtu anayejaribu giza kuona litakuwaje.

Ndipo nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi. Nikiwa natafuta meli nilikuwa nimeona picha za Musoma, boti za mbao zenye injini, zilizotandikwa turubai juu, zikiegeshwa bega kwa bega. Watu wanazikodi mchana, wanazunguka ziwani na kurudi kabla ya jua kuzama. Niliziruka haraka kwa sababu hazikuwa na dirisha la duara.

"Boti mbili," nikasema.

"Sauti!" mama mkubwa akadakia, kama darasani.

"Boti mbili. Za Musoma. Mchana. Kila moja na turubai lake. Hakuna kulala."

Watu wakatazamana. Mjomba aliguna, akiiaga meli yake ya vitanda. Bibi akachezesha midomo kama anatafuna kitu. "Na zisiguse," akasema mwisho. "Zikienda, zisigusane."

Sikuhitaji kuvuka njia. Kutoka ng'ambo baba akakohoa, kikohozi cha mtu aliyekubali.

Siku yenyewe naikumbuka kama kitu nilichokiota na wengine wakakiota pamoja nami. Tulivaa majaketi ya kuokolea, ya rangi ya chungwa, na ukoo wetu wote ukafanana na maboga. Baba alitangulia kushuka, akapanda boti ya nyuma akiwa ametazama milima. Ndipo bibi naye akateremshwa, mjomba mkono huu, nahodha mkono huu, akaingia ya mbele. Mama mkubwa kwa makusudi alichagua boti ya baba. Tulimsikia hata kabla injini hazijawaka: "Shemeji, legeza mkono. Ubao huo si chaki, hautavunjika."

Tulipita mawe makubwa yaliyokaa majini kama ng'ombe waliolala. Ufukwe ukawa mwembamba, ukawa uzi. Watoto waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza mmoja mmoja, wengine wakalala. Kisha ghuba ikafunguka, na upande wa magharibi hapakuwa na kitu. Maji yalipanda tu mpaka yakakutana na mbingu, na pale yalipokutana sikuweza kusema ni wapi.

Nahodha akazima injini. Ya nyuma nayo ikazima, mbali kidogo. Tukabaki tunapumua pamoja na ziwa.

"Ng'ambo yake iko wapi?" bibi akauliza.

"Haionekani, mama," nahodha akasema.

"Na mto wangu? Uko wapi humu?"

Nahodha akaonyesha maji pande zote. "Umo humu humu, mama. Ulishachanganyika."

Bibi akainama. Mama alimshika kwa nyuma, kanga mkononi. Bibi akachota kwa kiganja, akanawa uso, akachota tena na kulinawisha lile jicho la kushoto polepole, kama anavyomnawisha mtoto. Akakaa wima, maji yakimtiririka kidevuni, akitazama huko kusiko na kitu. Hakulia. Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyemkuta mwenyeji nyumbani.

Baadaye, bila kugeuka, aliniita. "Mkwe wangu yuko wapi?"

"Nyuma yako, bibi. Kwenye boti ile."

"Amekaaje?"

"Ametupa mgongo."

"Vizuri. Mwambie nimefika."

Nikasema. Hakusikia, hata mtoto aliyelala miguuni kwangu hakusikia.

"Mwambie," bibi akarudia.

Nikasimama. Boti ikayumba kidogo. Nikavuta pumzi ya lile ziwa lote na kupiga kelele, "Baba! Bibi anasema amefika!"

Sauti ikaenda. Haikuvaa kitu chochote. Ilipita juu ya maji ikiwa peku na mimi nikaisikia kama ya mtu mwingine.

"Kumbe una koo!" mama mkubwa akaitika kutoka huko.

Baba hakugeuka. Aliachia ubao mkono mmoja, ule aliokuwa ameung'ang'ania tangu ufukweni, akaunyanyua juu. "Mwambie na mimi nimefika!"

Bibi alikuwa amesikia mwenyewe, lakini alinisubiri nimwambie, nami nikamwambia. Nilibaki nimesimama. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kuwaona hao wawili kwa pamoja. Sasa nilikuwa nauona mgongo wa bibi huku, mgongo wa baba kule, na maji katikati yakiziinua boti zote mbili na kuzishusha, taratibu, bila kuzigusanisha.